Uvimbe kwenye figo: picha inajua nini, haijui nini

Mtu anakwenda kupiga altrasaundi kwa ajili ya tumbo, anarudi na karatasi iliyoandikwa "uvimbe, figo ya kushoto". Usiku huo nyumba nzima haina neno jingine ila kansa. Uvimbe mwingi wa figo siku hizi hugunduliwa hivyo, kwa mtu asiyehisi chochote. Kabla hamjaanza kufikiria kuuza shamba, yapo yanayosemwa sana ambayo si kweli.

"Uvimbe wa figo ni kansa tu."
Mara nyingi kinachoonekana ni kifuko cha maji. Chenye ukuta mwembamba na maji matupu ndani hakina hatari, na umri ukisonga huwapata watu wengi. Vyenye kuta nene au kinyama ndani hupangwa kwa madaraja ya Bosniak, mtaalamu wa radiolojia wa Marekani aliyeyaanzisha mwaka 1986: la I na la II si hatari, IIF hufuatiliwa kwa picha, III uwezekano wa kansa ni karibu nusu kwa nusu, IV kwa kawaida ni kansa. Hata uvimbe wa nyama usiozidi sentimita 4, takriban mmoja kati ya mitano inayotolewa kwa upasuaji hukutwa hauna kansa.

"Nimeshapiga CT, jibu ninalo."
CT ni picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, na jibu linategemea ilipigwaje. Figo hupigwa kwanza bila dawa, kisha dawa yenye iodini huingizwa kwenye mshipa na picha hurudiwa, mara nyingi sekunde 30 hadi 40 baadaye, na tena karibu na sekunde 100. Kompyuta hupima uzito wa kila sehemu kwenye picha kwa vipimo vya Hounsfield: maji ni 0, mafuta yako chini ya hapo. Kipimo cha uvimbe kikipanda kwa zaidi ya 20 baada ya dawa, damu inapita ndani yake, yaani ni nyama. Ukipigwa baada ya dawa peke yake, hakuna cha kulinganisha, na kifuko kilichovilia damu kinaweza kusomwa kama nyama. Inauma kuona mgonjwa akichangiwa na ukoo mzima kwa kipimo ambacho itabidi kirudiwe. Uliza kabla hujalala kwenye mashine: mtapiga pia picha za bila dawa?

Picha hizo za bila dawa ndizo pia zinazofichua mafuta. Uvimbe wenye mafuta yanayosoma hasi 10 au chini zaidi karibu kila mara ni anjiomayolipoma, ambao si kansa, na hapo picha peke yake hutosha. Ukipita sentimita 4, hata hivyo, unaweza kuvuja damu, kwa hiyo usiupuuze. Michache ina mafuta kidogo mno, na hiyo hufanana na kansa.

"Mashine nzuri itatofautisha kila aina."
Uvimbe uitwao onkositoma unakanusha hilo. Si kansa, lakini kwenye CT hujaa damu kama kansa. Kovu la umbo la nyota katikati yake, lililoaminiwa zamani, huonekana kwenye kansa pia. Kinachosaidia ni kipimo cha sestamibi, dawa yenye mionzi kidogo, kile kile kinachotumika kupima moyo: seli za onkositoma zimejaa mitokondria, vinu vya nishati vya seli, hivyo huinyonya dawa hiyo, ilhali kansa ya seli angavu, iliyo ya kawaida zaidi, kwa kawaida haiinyonyi. Kwa kansa hiyo kuna pia utafiti wa ZIRCON uliochapishwa 2024: girentuximab, kingamwili inayojibandika kwenye seli za kansa hiyo, ikiwa imebeba zirkoni-89 yenye mionzi, ilionyesha asilimia 85.5 ya kansa za aina hiyo kwenye PET, picha inayoonyesha mahali mionzi ilipokusanyika. Picha ikikosa kuwaka, kansa ya aina nyingine bado inawezekana.

"Sindano inasambaza kansa."
Ni sindano ya kuchukua kinyama cha uvimbe kikapimwe; kwa mtu mzima kusambaa hutokea kwa nadra sana. Ila majibu ya "kinyama hakikutosha" hayana maana ya "hakuna kansa". Kwa mtoto hesabu ni nyingine. Aamue daktari wa kansa za watoto.

"Ukikua ni kansa, usipokua ni salama."
Hapana kwa yote mawili. Onkositoma hukua milimita chache kwa mwaka sawa na kansa ndogo, na zipo kansa zinazotulia.

Ukihamia hospitali nyingine, beba CD yenye picha zote, si ripoti na filamu mbili tatu. Mafuta na damu hupimwa kwenye picha zenyewe, na zile za kabla ya dawa mara nyingi hazichapwi kwenye filamu.