Kabla ya samaki, muulize Jiro wali wake

Watu wakijua kwamba kazi yangu ni kutengeneza sushi, yaani tonge la wali wa siki lenye kipande cha samaki juu, swali la kwanza huwa la samaki. Mnampata wapi? Hamwogopi minyoo? Maswali ya haki kabisa, ila sisi wenyewe tukikaa kwenye kaunta ya mwenzetu, tunaonja wali kwanza. Kwa hiyo nikiulizwa mpishi wa sushi Jiro Ono wa Tokyo anasifiwa kwa lipi, naanzia kwenye wali.

Mzee huyu alizaliwa mwaka 1925 huko Shizuoka, na akaanza kazi za mgahawani akiwa bado mtoto. Mwaka 1965 alifungua Sukiyabashi Jiro, chini ya ardhi mtaani Ginza, hatua chache kutoka stesheni ya treni. Kaunta moja, viti kumi. Unaletewa tonge moja moja, kama ishirini hivi, na wengi humaliza ndani ya nusu saa kwa makumi ya maelfu ya yeni. Bei hiyo inanishinda, niseme ukweli.

Sasa wali. Mchele ni wa punje fupi, wa kunata. Huoshwa mpaka maji yakaribie kuwa safi, hulowekwa, hupikwa, kisha humwagwa kwenye beseni pana la mbao na kutiwa siki yenye chumvi na sukari. Hapo haukorogwi. Unaukata kwa ubavu wa mwiko huku mwenzako akipepea, mvuke utoke na punje zing'ae bila kupondeka. Kuanzia hapo unashindana na saa: ukipoa unakakamaa, ukiwa wa moto unaharibu samaki. Jiro anautaka uwe na joto la mwili, kwa hiyo upishi wake hupangwa kufuata saa ya mgeni kukaa. Tonge nalo lisivunjike vidoleni, lakini likifika mdomoni litawanyike lenyewe. Ukilibana sana unamlisha mtu kipande cha sabuni. Kujua ulibane kiasi gani hakuandikwi kwenye daftari. Mikono ndiyo inayojifunza, taratibu, na ndiyo maana Jiro alikuwa akitoka nje amevaa glavu kuilinda.

Samaki ana habari yake pia. Sushi hii ilianza karne ya 19 mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, ikiuzwa vibandani barabarani wakati hakuna friji. Samaki alitiwa chumvi na siki, au akalowekwa kwenye sosi ya soya, au akachemshwa. Kwa hiyo anayesema sushi ni samaki mbichi tu amepata nusu. Kwa Jiro, jodari anaweza kuwekwa siku kadhaa akomae ladha. Pweza, ambaye kwetu Pwani hupigwa kwenye jiwe mpaka alainike, kule hukandwa kwa mikono dakika 40 hadi 50 kabla ya kuchemshwa. Nimeikanda hiyo: mwanzoni ni ute mtupu na mkono unateleza, baadaye povu linatoka na mnofu unalegea. Bega ndilo linalolipa.

Wanaomfanyia kazi huanzia mbali. Daisuke Nakazawa, ambaye baadaye alifungua mgahawa New York, alipika sushi ya mayai zaidi ya mara 200 ikikataliwa kabla ya kukubaliwa. Mimi nadhani sehemu ya miaka hiyo mirefu ni ukali wa mila tu, haifundishi lolote. Ya wali na mayai siyo, hayo yanataka muda kweli.

Mgahawa wa Jiro ulipewa nyota tatu, daraja la juu kabisa, za Michelin, kitabu kinachopima migahawa, mwaka 2007, na mwaka 2019 ukaondolewa kwenye orodha kwa sababu mtu wa kawaida hawezi kujiwekea nafasi. Sifa zote zilimwendea baba. Lakini kwa miaka mingi mwenye kwenda sokoni kuchagua samaki alikuwa mwanawe mkubwa, Yoshikazu, na mhakiki wa vyakula Masuhiro Yamamoto amesema kwamba wakaguzi wa Michelin walipokuja, sushi waliyokula ilitoka mikononi mwa Yoshikazu.