Mohammad-Reza Shajarian na uzito wa neno linaloimbwa

Kwa takriban miaka 30, Wairani waliokuwa wakisubiri adhana ya magharibi katika mwezi wa Ramadhani walisikia kwanza sauti ya mtu mmoja. Redio na televisheni ya taifa zilirusha dua iitwayo Rabbana: aya nne kutoka sura za Al-Imran, Al-Muuminun, Al-Kahf na Al-Baqara, na katika kila moja kuna waja wanaomwomba Mola wao. Hakuna ala hata moja. Ni koo tupu la Mohammad-Reza Shajarian, mwimbaji mashuhuri wa muziki wa asili wa Iran, aliyeirekodi mwaka 1979 kama mfano wa kuwafundishia wanafunzi, si kwa nia ya kuirusha hewani. Mwaka 2009 dua hiyo ikaanza kutoweka hewani, na sababu haikuwa na uhusiano wowote na dini.

Shajarian alizaliwa Mashhad, kaskazini mashariki mwa Iran, Septemba 23, 1940. Baba yake alikuwa msomaji wa Kurani na ndiye aliyemkalisha kitako kumfunza usomaji tangu akiwa na miaka mitano. Muziki haukuwa na nafasi katika nyumba ile. Kijana alipofika miaka 12 alianza kujifunza uimbaji wa asili kwa kificho, na baadaye alipoimba redioni alijiita Siavash Bidakani ili mzee asiudhike kwa jina la ukoo kutajwa pamoja na nyimbo. Alisomea ualimu na kufundisha shule ya msingi huko Khorasan kabla ya kuhamia Tehran katikati ya miaka ya 1960.

Wengi husimulia ujana wake kama vita kati ya Kurani na muziki. Mimi sikubaliani nao. Yale yanayomtofautisha na waimbaji wenzake, yaani pumzi ndefu, kila herufi kutoka mahali pake, kujua pa kusimama na pa kuunganisha, ndiyo yale ambayo mwalimu wa tajwidi humkazania mtoto madrasani. Msikilizaji wa Lamu au Unguja aliyekulia chuoni anaweza asiambulie neno la Kifarsi, lakini nidhamu ile ataitambua mara moja.

Muziki wa asili wa Iran una hazina ya mahadhi iitwayo radifu, iliyopokewa kutoka kifua cha mwalimu hadi kifua cha mwanafunzi. Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Imegawanywa katika mifumo mikuu saba inayoitwa dastgahi: Shur, Mahur, Homayun, Segah, Chahargah, Nava na Rast-Panjgah. Kila mfumo una vipande vidogo vingi, na mwanafunzi hutumia miaka kuvihifadhi. Akishavihifadhi ndipo anaruhusiwa kuviacha: jukwaani mwimbaji hujitungia papo hapo, akichagua kipande gani kifuate kipi. Huanza chini, hupanda polepole hadi kileleni, kisha hurudi alikoanzia.

Sehemu iliyo ngumu zaidi haina mdundo. Mwimbaji huimba mshororo mmoja wa shairi kwa mwendo wake mwenyewe, kisha hunyamaza, na mpiga tar, ala ya nyuzi za kudonoa, au kamancheh, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, humjibu kwa kuufuata mshororo ule kwa nyuzi. Silabi ya mwisho ikikaribia, koo huanza kuruka haraka kati ya sauti nzito na nyembamba, mapigo mafupi yanayofanana na mlio wa chiriku. Mapambo hayo huitwa tahriri. Yakimshinda mtu huwa kelele tu. Kwa Shajarian kila pigo linasikika peke yake, na halianzi mpaka neno liwe limekamilika na kueleweka. Hapo ndipo ulipo ubora wake: hakuwahi kulimeza shairi kwa ajili ya kuonyesha koo.

Walimu wake Tehran walikuwa wazee wa fani: Ahmad Ebadi, Esmail Mehrtash, Nour-Ali Boroumand, na Abdollah Davami, aliyekuwa amehifadhi tungo nyingi za zamani ambazo bila yeye zingepotea. Alijifunza pia santur, ala ya nyuzi inayogongwa kwa vijiti viwili vyepesi, kwa Faramarz Payvar. Aliandika hati nzuri za Kifarsi, na uzeeni alibuni ala mpya za nyuzi na kuzifanyia maonyesho. Hizo ala, kwa maoni yangu, si sehemu kubwa ya urithi wake.

Septemba 8, 1978, askari waliwafyatulia risasi waandamanaji waliompinga Shah, mfalme wa Iran, katika uwanja wa Jaleh, Tehran. Shajarian, Mohammad-Reza Lotfi, Hossein Alizadeh na wanamuziki wengine wakajiuzulu kutoka redio ya taifa, wakaanza kutoa kanda zao wenyewe chini ya jina Chavosh. Nyimbo za kanda hizo zilipokewa na wanamapinduzi. Kisha mapinduzi yaliposhinda mwaka 1979, muziki wenyewe ukabanwa: matamasha yakawa haba, na mwanamke akazuiwa kuimba peke yake mbele ya wanaume, jambo lililomgusa Shajarian hata ndani ya nyumba yake, kwani binti yake Mojgan ni mwimbaji.

Wakati huo wa kubanwa ndipo alipotoa kazi zake bora. Mwaka 1985, vita kati ya Iran na Iraki vikiwa vimepamba moto, ilitoka kanda ya Bidad, aliyoifanya na mpiga santur Parviz Meshkatian. Shairi ni la Hafez wa Shiraz, aliyefariki karne ya 14. Hafez anauliza mbona haoni tena urafiki kwa mtu yeyote, marafiki wamepatwa na nini, mapenzi yalikoma lini. Hakuna neno hata moja la siasa ndani yake, wala mkaguzi hawezi kumfungia mshairi aliyekwisha kufa zaidi ya miaka 590. Hata hivyo msikilizaji wa Tehran wa 1985 alijua anaambiwa nini. Shajarian aliuchagua ushairi wa kale kama wakili anavyochagua hoja, na ndiyo maana ninasisitiza matamshi yake: ujumbe wa aina hii haufiki kama maneno hayasikiki.

Wimbo aliodaiwa kila mara mwishoni mwa tamasha ulikuwa Morgh-e Sahar, maneno ya Mohammad-Taqi Bahar na muziki wa Morteza Neydavoud. Ndani yake ndege wa alfajiri anaombwa alie kwa dhuluma ya dhalimu na ukatili wa mwindaji.

Desemba 26, 2003, tetemeko la ardhi liliuangamiza mji wa Bam na kuua zaidi ya watu 26,000. Wiki chache baadaye Shajarian na mwanawe Homayoun, pamoja na Alizadeh na Kayhan Kalhor, walipiga tamasha Tehran kwa ajili ya kuchangia mji huo.

Kisha ukaja uchaguzi wa urais wa Juni 2009. Watu walipojaa mitaani kupinga matokeo, Rais Mahmoud Ahmadinejad aliwaita takataka na vumbi. Shajarian akajibu kupitia idhaa ya BBC ya Kifarsi kwamba sauti yake ni ya takataka na vumbi hilo. Aliitaka redio ya taifa iache kupiga nyimbo zake, akiibakiza Rabbana kwa kuwa aliiona ni mali ya watu. Mwaka huohuo alitoa wimbo wenye maneno ya mshairi Fereydoun Moshiri yanayomtaka mwenye bunduki aiweke chini. Kuanzia hapo hakupata tena kibali cha kuimba hadharani nchini mwake, na Rabbana nayo ikaondolewa kwenye futari ya taifa. Wengi waliendelea kuipiga wenyewe, kwa simu na kanda.

Katika salamu za mwaka mpya wa 2016 alijitokeza akiwa amenyoa kichwa na kueleza kwamba kwa miaka 15 alikuwa akiishi na ugonjwa, akiuita mgeni. Alifariki Tehran Oktoba 8, 2020. Umati ulikusanyika nje ya hospitali licha ya korona, wakaimba Morgh-e Sahar, na wengine wakapaza kauli dhidi ya utawala. Alizikwa Tus, karibu na Mashhad, kwenye eneo la kaburi la mshairi Ferdowsi.

Anayetaka kuanza kumsikiliza aanze na Bidad, akiwa na tafsiri ya shairi mkononi. Kisha asikilize Bi To Besar Nemishavad, yenye maneno ya mshairi Rumi, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Humo Alizadeh yuko kwenye tar, Kalhor kwenye kamancheh, na Homayoun anapiga ngoma ya tombak huku akipokezana sauti na baba yake. Ukiisikiliza kwa mara ya kwanza, baadhi ya mishororo itakuwia vigumu kujua ni nani kati yao anayeimba.