Mtaalamu wa maendeleo ya taasisi haji lazima kupunguza watu

Kwenye ofisi na vyama vya msingi vya tumbaku mkoani Tabora, wengi huamini kwamba akiingia mtaalamu wa maendeleo ya taasisi, yaani anayewasaidia watu wa taasisi kuchunguza na kuboresha wanavyofanya kazi pamoja, ajira zitapungua. Hofu hiyo ina chanzo: ubinafsishaji wa miaka ya 1990 uliwaacha wengi bila ajira.

Fani yenyewe ilianzia kwingine. Mwaka 1946, kwenye warsha huko Connecticut, Marekani, watafiti walikutana jioni kujadili waliyoyaona mchana kwenye vikundi vya washiriki. Baadhi ya washiriki hao wakaomba kusikiliza, wakabisha yaliyosemwa juu yao, na ubishi ule ukageuka somo lenyewe. Mwaka 1947 mafunzo ya vikundi yakaendelea Bethel, Maine. Miaka hiyohiyo likaja dodoso ambalo matokeo yake hurudishwa kwa waliolijaza.

Hapo kwenye dodoso ndipo pa kupimia kama mtaalamu amekuja kuendeleza taasisi au kupunguza watu. Orodha ya watakaoondoka ikitangulia dodoso, huko ni kupunguza wafanyakazi tu. Kama haipo, uliza: je, matokeo yatasomwa kila idara, makarani wa mizani na madereva wakiwemo? Nani atafanya nini, na lini? Ripoti ikiishia mezani kwa meneja, dodoso lijalo watu wataweka tu alama ya vema kwenye kila kisanduku bila kusema ukweli. Katika matokeo, kikundi cha watu chini ya watano kiunganishwe na kingine, maana dereva akiwa mmoja, jibu lake linajulikana.