Gia ya kushukia huchaguliwa juu ya mlima

Vijana wengi wanaokuja kwangu kujifunza lori tayari ni madereva. Wameendesha Noah, Hiace, wengine Canter kwa miaka kadhaa, na barabara wanaijua. Kinachowasumbua si ukubwa wa gari. Ukubwa mtu huuzoea, na kurudisha tela nyuma ni suala la saa nyingi uwanjani. Kinachowasumbua ni gia. Kwenye gari dogo wamezoea kwamba gia ni ya kuongezea mwendo: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukishafika ya tano unaisahau mpaka ukutane na foleni. Kwenye lori lenye mzigo gia ndiyo inayobeba uzito, wakati wa kupanda na zaidi sana wakati wa kushuka. Hilo likishaingia kichwani, mengine yote hufuata. Lisipoingia, mtu anaweza kuwa na leseni ya daraja E mfukoni na bado akawa hatari kwa kila anayekutana naye.

Nafundisha nikiwa na njia moja akilini: Dar es Salaam hadi Tunduma. Ina tambarare, ina vijiji, ina mlima Kitonga, na ina ile miteremko ya upande wa Mbeya. Dereva aliyeiva kwenye njia hii hapati tabu mahali pengine.

Tuanze na injini, kwa sababu mkono hauwezi kupanga gia vizuri kama sikio halijui injini inataka nini. Injini ya petroli ya gari dogo inafurahia mizunguko 3,000 au 4,000 kwa dakika. Dizeli kubwa ya lori kwa kawaida haitakiwi kuzidi 2,100 hivi, na nguvu yake ya kuvuta iko chini kabisa, kati ya 1,000 na 1,400. Kwa hiyo yule kijana anayekanyaga mafuta mpaka gari lipige kelele ndipo abadili gia, anachoma dizeli bila faida. Ukiwa tambarare badilisha kwenye 1,500, resi, yaani mizunguko hiyo ya injini, ziangukie 1,100, na injini iendelee kuvuta kwa utulivu. Upande wa pili wa kosa ni kuiacha ilemewe: uko 800, umekanyaga mafuta hadi sakafuni, kabini inatetemeka, moshi mweusi unatoka. Moshi ule ni dizeli ambayo haikupata hewa ya kutosha kuungua. Unailipia, na bado haikusukumi.

Jambo jingine la dizeli ni kwamba ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, ina gavana, kifaa kinacholinda mzunguko wake. Ukianza kuipa mzigo, yenyewe inajiongezea mafuta kidogo ili isizime. Ndiyo maana siku ya kwanza nawakataza wanafunzi kugusa mafuta wakati wa kuondoka. Weka gia ndogo inayofaa, achia klachi polepole, mguu wa kulia uwe pembeni. Lori litaondoka lenyewe. Mtu aliyetoka kwenye gari dogo hawezi kuamini, anataka kupiga resi na kushikilia hafu klachi, yaani klachi iliyoachiwa nusu. Sahani ya klachi ya lori ina upana wa sentimita 43 hivi na bado inaungua kwa mchezo huo, hasa kwenye kilima. Kilimani shikilia gari kwa hendibreki, achia klachi mpaka uone pua ya kabini inainuka kidogo na injini inabadilisha sauti, hapo fungua hendibreki na ongeza mafuta taratibu. Kama halikuondoka, gia uliyochagua ni kubwa mno. Usilazimishe, rudi chini.

Sasa gia boksi yenyewe. Scania, Actros na DAF nyingi za gia za mkono zina sinkro, yaani ndani kuna pete zinazosawazisha kasi kabla meno hayajaingiana. Hizo zinasamehe. Vichwa vya Kimarekani kama Freightliner na International kwa kawaida vina gia boksi ya Eaton Fuller, na baadhi ya malori ya Kichina yana gia boksi za muundo huohuo. Sehemu kuu ya Fuller haina sinkro. Kazi ya kusawazisha ni yako wewe, na hapa ndipo napenda kukaa na mwanafunzi muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Fikiria kuna pande mbili ndani ya boksi. Upande mmoja unazungushwa na injini kupitia klachi. Upande wa pili unazungushwa na matairi. Unapotaka kuingiza gia, unaunganisha meno ya pande hizo mbili, na yataingiana kimya iwapo tu yanazunguka kwa kasi moja. Kwa hiyo unakanyaga klachi, unatoa gia hadi nyutro, unaachia klachi. Watu hujiuliza kwa nini uachie klachi ukiwa nyutro. Ni kwa sababu klachi ikiwa imekanyagwa, injini imetengana na boksi, na huwezi kuutawala ule upande wa kwanza. Ukiiachia, resi za injini ndizo zinazoamua kasi ya shafti za ndani. Kama unapanda gia, unasubiri resi zishuke toka 1,500 hadi 1,100, unakanyaga klachi tena kidogo, unaingiza. Kama unapangua, kwa mfano uko ya sita kwenye 1,100 na unataka ya tano, ukiwa nyutro unapiga mafuta hadi 1,500 hivi, kisha klachi, kisha gia. Hiyo ndiyo dabo klachi. Tofauti ya resi 400 kati ya gia na gia ni ya boksi la gia 10. Ukihamia boksi la gia 13 au 18 zile nusu gia zina tofauti ndogo zaidi, na sikio lazima lijifunze upya.

Mwanafunzi mmoja uwanjani, kijana mwenye mikono mizuri kabisa, alikuwa anafika ya nne na kukwama hapo. Boksi linalia, yeye anasukuma.

"Mwalimu, inagoma."

"Haigomi. Umewahi mno. Toa mkono wenye nguvu, shika kwa vidole viwili."

Akashika kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada. Nikamwambia asiangalie mshale wa resi, asikilize tu. Injini ikashuka, ikashuka, na kwenye sauti fulani mpini ukaingia wenyewe kana kwamba umevutwa. Aliniangalia akacheka kwa furaha. Tangu hapo hakurudi tena kwenye kusukuma. Vidole viwili havina nguvu ya kulazimisha meno, kwa hiyo vinakulazimisha wewe usubiri.

Kwenye Fuller ya gia 10 mpini una nafasi tano, na kitufe pembeni mwake kinazigawa: chini ni lo (gia ndogo, ya kwanza hadi ya tano), juu ni hai (gia kubwa, ya sita hadi ya kumi). Kutoka ya tano kwenda ya sita unainua kitufe ukiwa bado ndani ya ya tano, ndipo unatoa mpini. Upepo unabadilisha lenji, yaani kutoka lo kwenda hai, wakati mpini unapita nyutro. Anayeinua akiwa ameshatoa gia, au anayeshusha kuwa lo akiwa kwenye mwendo mkubwa, anaua sehemu ya nyuma ya boksi. Tena kuna breki ya klachi: ukikanyaga klachi mpaka sakafuni kabisa, inasimamisha shafti. Hiyo ni ya kutumia gari likiwa limesimama, unapotaka kuingiza ya kwanza au rivasi. Gari likiwa linatembea, klachi inakanyagwa nusu tu. Kila anayekanyaga hadi mwisho njiani anaila breki hiyo, kisha analalamika kwamba gia ya kwanza inakwaruza.

Kupanda mlima ni suala la kuwahi. Lori lenye mzigo likiwa nyutro kwenye kilima linapoteza mwendo haraka, na sekunde mbili za kusitasita zinatosha kukufanya uikose gia uliyoilenga. Basi pangua kabla injini haijaomba. Ukiona mlima ni mkali ruka gia mbili kwa mara moja, na ukishapata gia inayovuta, kaa nayo. Kitonga, ukitoka Ruaha Mbuyuni kwenda Ilula, si mahali pa kujaribu kuongeza gia katikati ya kona kwa sababu umeona sehemu imelegea kidogo. Lori likizima pale na nyuma yako kuna msururu, kazi unayo.

Lakini Kitonga inayonitia wasiwasi ni ya kurudi. Malori yanayotoka Zambia na Kongo kupitia Tunduma kwenda bandarini yanabeba shaba, na shaba inadanganya macho: sahani chache sakafuni mwa tela, ukiliangalia gari unadhani ni tupu, kumbe limejaa. Kwa Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, gari la ekseli 7 linaruhusiwa hadi tani 56. Tani 56 zikishuka mita 100 za kimo zinaachia nishati ya kutosha kuchemsha ndoo 8 za maji za lita 20. Na hiyo ni mita 100 tu. Joto hilo lazima liende mahali. Injini isipolichukua, linakwenda kwenye ngoma za breki. Ngoma ikichemka inatanuka na kujitenga na lainingi (vile vipande vinavyoisugua ili gari lisimame), lainingi nayo inapoteza mshiko, na mguu unakanyaga breki zilezile ambazo dakika tano zilizopita zilishika vizuri. Magazeti huandika "breki zilifeli". Mara nyingi breki zilikuwa nzima pale juu ya mlima, ila zilipewa kazi ya gia.

Madereva wa zamani walifundisha kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Naiheshimu kanuni hiyo, lakini kwa malori ya leo haitoshi. Ilitungwa wakati injini nyingi zilikuwa na nguvu ndogo, lori likipanda kwa kujikokota kwenye gia ya tatu. Injini ya nguvu za farasi 420 inaweza kupanda mlima uleule kwa ya sita. Uwezo wake wa kuvuta umeongezeka kuliko uwezo wake wa kuzuia. Ukishuka na ya sita, breki zitafanya kazi kupita kiasi. Mimi nafundisha gia moja chini ya ile uliyopandia, na mbili kama mzigo umejaa au mvua inanyesha.

Na gia hiyo iingizwe juu, kabla mteremko haujaanza. Dizeli yenyewe haizuii sana ukiachia mafuta, kwa kuwa haina kilango cha kubana hewa inayoingia kama petroli. Ndiyo maana malori yana breki ya ekzosi inayoziba njia ya moshi, na mengine yana ritada, kifaa kinachopunguza mwendo bila breki ya mguu. Vyote hivyo vya injini vinafanya kazi vizuri resi zikiwa juu, kwa hiyo kwenye mteremko usiogope kuona 1,800. Ogopa mstari mwekundu wa mita ya resi: gavana inaweza kuinyima injini mafuta, lakini haiwezi kuzuia matairi yasiizungushe kupita kiasi. Breki ya mguu itumie kwa vipindi. Kanyaga kwa uthabiti mpaka mwendo upungue kilomita 8 hivi chini ya ule uliojipangia, achia kabisa, zipoe, subiri mwendo urudi, kanyaga tena. Mguu unaoparaza breki muda wote ndio unaozichoma, na mguu unaopigapiga ovyo unamaliza upepo unaoendesha breki. Presha ikishuka kati ya bar 4 na 5, king'ora kitalia.

Aliyefika katikati ya mteremko ndipo akataka kupangua gia ameshachelewa. Akitoa gia, lori linaongeza kasi palepale. Ili gia ndogo iingie, injini ingetakiwa kuzunguka kuliko uwezo wake wote. Haiingii, na ile aliyoitoa nayo hairudi. Sasa yuko nyutro na tani 56. Akiwa bado ndani ya gia yoyote, hata kama ni kubwa mno, nafuu abaki nayo, akanyage breki kwa nguvu na kusimama mapema wakati breki zingali zipo.

Wapo pia wanaoachia nyutro kwa makusudi ili kuokoa mafuta. Hawaokoi chochote. Lori likiwa ndani ya gia na hujakanyaga mafuta, pampu haipeleki dizeli kabisa, kwa kuwa matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiwa nyutro, injini inakula mafuta ya sailensa, na kompresa ya upepo inazunguka polepole wakati ule ule unapohitaji upepo zaidi.

Ukifika chini, simama mahali penye nafasi, acha injini sailensa kwa dakika 3 hadi 5, na zunguka gari na utingo wako. Usishike ngoma. Sogeza kiganja karibu na kila tairi usikie joto. Zote zinatakiwa kukaribiana. Iliyo ya moto kuliko wenzake inaburuza. Iliyo ya baridi ndiyo inayohitaji fundi haraka zaidi, kwa sababu haikufanya kazi njia nzima na wenzake wamebeba sehemu yake. Slaki ajasta, zile zinazorekebisha nafasi kati ya lainingi na ngoma, zikaguliwe hapo kabla ya kuendelea, na ngoma ziachwe zipoe zenyewe, bila kumwagiwa maji.