Vipimo viko sawa ila bado unaumwa? Maswali na majibu kuhusu maumivu sugu

Yakikaa muda gani ndo yanaitwa sugu?
Zaidi ya miezi 3, yawe ya kila siku au yanaenda yanarudi. Mgongo, kichwa, viungo, hata mshono wa oparesheni uliopona zamani.

Nimepiga eksirei, nimepiga MRI, naambiwa sina kitu. Au nimeanza kuchanganyikiwa?
Hapana, na wala hujidekezi. Eksirei inaona mfupa, haioni neva zinavyofanya kazi. Maumivu ni kengele ya mwili ya kukushtua usizidi kuumia, sasa kengele ikilia miezi na miezi neva, uti wa mgongo na ubongo vinakuwa vyepesi kushtuka kupita kiasi, yani kitu kidogo tu, hata shuka kugusa ngozi, mtu anaruka. Kuna watu wamekatwa mguu na bado wanausikia mguu ule ule unauma, mguu haupo lakini maumivu yapo na ni ya kweli kabisa. Af kuna wengine MRI inaonyesha diski za mgongo zimechakaa na hawaumwi popote. Kwa hiyo picha peke yake haimalizi habari.

Naumwa kiuno tu, mbona nachoka mwili mzima?
Sababu mwili unaishi kama uko hatarini muda wote. Misuli inakaza, unatembea upande kukwepa maumivu, baada ya muda nyonga nayo inaanza, mara goti, unaona bora ukae tu, na ukikaa sana misuli inanywea, ukija kuinuka unaumia kuliko mwanzo. Halafu usingizi, hapa ndo watu wanapapuuza sana kwa maoni yangu: maumivu yanakunyima usingizi, na usipolala kesho yake maumivu yanakuwa makali zaidi, inakuwa mzunguko. Ukienda kwa daktari usiishie kusema "kiuno", mwambie na unavyolala.

Nimekuwa na hasira, nasahau sahau, hata hamu ya tendo la ndoa imeisha.
Vyote vinaendana. Sehemu za ubongo zinazoshughulika na maumivu zinafanya kazi pamoja na zile za hisia, na akili inayosikiliza kengele mchana kutwa haina nafasi ya kukumbuka funguo ziko wapi. Sonona na wasiwasi ni kawaida sana kwa wenye maumivu sugu. Ukiandikiwa amitriptilini usikasirike kwamba umeonekana chizi, ni dawa ya sonona kweli, ila kwa dozi ndogo inatuliza maumivu ya neva na inasaidia usingizi.

Si ninywe tu diklofenaki kila siku?
Usifanye hivo bila daktari. Hizo na ibuprofeni zikizidi zinaleta vidonda vya tumbo, zinaumiza figo, presha inapanda. Na nyie mnaoumwa kichwa msikilize: parasetamoli siku 15 au zaidi kila mwezi kwa miezi kadhaa, dawa yenyewe inaweza kuwa ndo inakuletea kichwa.

Mazoezi je?
Ndio, ila kwa kipimo. Kosa letu wengi, siku ya nafuu unafua, unadeki, unahamisha makabati, af siku tatu kitandani. Kama dakika 10 za kutembea unazimudu, baki na hizo 10 siku ya nafuu na siku mbaya, wiki ijayo ongeza 2. Ukipata mtu wa fiziotherapia akuongoze ni bora zaidi.

Lini nisisubiri?
Mkojo au choo kikikushinda kuzuia, ganzi sehemu za siri, miguu kuishiwa nguvu ghafla: hospitali siku hiyo hiyo, na maumivu ya kifua yanayobana pia. Homa, au kukonda bila sababu, usikae nayo.

Mwenzangu anasema naigiza.
Nenda naye kliniki siku moja, yale ya kengele ayasikie kwa daktari mwenyewe. Ukimweleza wewe mtaishia kugombana.