Mpito baada ya udikteta: yasemwayo barazani na yaliyo kweli

Familia nyingi za Mji wa Kale zina jamaa Hadhramaut, kusini mwa Yemen, na Mogadishu si mbali na Mombasa kwa njia ya bahari. Ndiyo maana dikteta akianguka popote kati ya Tripoli na Sanaa, barazani hapakosi maoni. Mengi ni ya busara. Haya yafuatayo si kweli, ingawa hurudiwa hata na wanaoendesha warsha za amani, na yamegharimu maisha ya watu.

"Kila kundi likipata kiti, ujumuishi umetimia."

Dhana hii inapendwa kuliko zote kwa sababu viti vinahesabika. Yemen ilivihesabu vizuri. Mkutano wake wa mashauriano ya kitaifa ulifunguliwa Sanaa tarehe 18 Machi 2013 ukiwa na wajumbe 565. Nusu yao walitoka kusini, asilimia 30 walikuwa wanawake, na asilimia 20 vijana. Walikaa miezi kumi. Lakini swali zito kuliko yote, nchi igawanywe majimbo mangapi na mipaka ipite wapi, hawakuliamua wao. Liliachiwa kamati ndogo iliyoongozwa na Rais wa mpito, Abdrabbuh Mansur Hadi, mwenyewe, na Februari 2014 ikatoa ramani ya majimbo sita. Jimbo la nyanda za juu za kaskazini, walikotoka waasi wa Kihouthi, halikupata bandari wala visima vya mafuta. Septemba mwaka huohuo Wahouthi waliiteka Sanaa. Ramani peke yake haikuleta vita, maana silaha walikuwa nazo tangu zamani, lakini iliwapa sababu ambayo wengi waliikubali.

Kwa hiyo anayepima ujumuishi asianzie kwenye viti. Aulize nani anaandika ajenda, uamuzi unapita kwa kura ngapi, na kundi dogo lina njia gani ya kuusimamisha. Aulize pia mambo yaliyoshindikana mkutanoni yanapelekwa kwa nani. Rasimu ikifika usiku wa kuamkia kura, mjumbe wa kijijini asiye na wakili amekuwa pambo tu. Hata warsha za hotelini hapa Pwani hukwama kwenye mambo madogo kama haya. Nauli inarudishwa baada ya mkutano, basi anayekuja ni yule aliye na pesa mfukoni. Mama anayenyonyesha hana wa kumwachia mtoto. Kikao cha maazimio kinawekwa jioni ya mwisho, wa mbali wameshapanda gari. Dawa yake inajulikana na si ghali: nauli ilipwe kabla, hati zifike wiki mbili mbele kwa lugha ya wajumbe, na maazimio yapitishwe asubuhi.

Na viti vyenyewe vina hesabu yake. Tunisia, katika uchaguzi wa Oktoba 2011, kila orodha ya wagombea ilitakiwa kupangwa mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke. Bado wanawake hawakufika thuluthi moja ya viti 217. Orodha nyingi ziliongozwa na wanaume, na pale orodha ilipopata kiti kimoja tu, kilikwenda kwa aliye juu. Sheria ilisawazisha orodha, lakini nambari moja haikuigusa. Libya mwaka uliofuata ilichanganya njia mbili: viti 80 vya orodha za vyama viliingiza wanawake 32, na viti 120 vya wagombea binafsi vikaingiza mwanamke mmoja.

Kwetu mfano uko mlangoni. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa. Kwa bunge la kaunti, kifungu cha 177 kinaeleza la kufanya pengo likitokea: baada ya uchaguzi nafasi zilizopungua zinahesabiwa, kisha zinajazwa kutoka orodha za vyama kulingana na viti kila chama kilivyovuna. Bunge la Taifa halikuwekewa utaratibu wa namna hiyo, na kanuni imebaki maandishi.

"Uchaguzi ufanywe upesi, mengine yatajipanga."

Libya ilipiga kura tarehe 7 Julai 2012, hata miezi tisa haijatimia tangu vita vya kumwondoa Gaddafi kutangazwa kwisha. Kura ilikwenda vizuri. Kilichokosekana ni makubaliano ya nani ashike silaha baada ya kura, na mahakama ambayo aliyeshindwa angeiamini. Kufika mwishoni mwa 2014 nchi ilikuwa na serikali mbili.

Afrika Kusini ilifuata mpangilio mwingine. Kwanza ilikuja katiba ya muda ya 1993 yenye kanuni 34 ambazo katiba ya kudumu haingeruhusiwa kuzivunja. Ndipo uchaguzi wa Aprili 1994, ambapo chama chochote kilichopata viti 20 kati ya 400 kilikuwa na haki ya kuingia baraza la mawaziri. Halafu ndiyo ikaandikwa katiba yenyewe, na Mahakama ya Katiba ikaikataa rasimu ya kwanza Septemba 1996 kwa kutotimiza kanuni zile. Mgombea alijua fungu lake hata kabla ya kushindwa, na hilo hupunguza sana hamu ya kurudi msituni.

Kuchelewesha nako si salama. Sudan iliahidi bunge la mpito ndani ya siku 90 tangu Agosti 2019, angalau asilimia 40 ya wajumbe wakiwa wanawake. Bunge hilo halikuundwa kabisa, na sheria ziliendelea kupitishwa na watawala wenyewe.

"Waliotumikia utawala wa zamani wafagiliwe wote."

Hasira yake inaeleweka. Lakini tazama Iraq: amri ya 16 Mei 2003 iliwaondoa kazini wanachama wa ngazi za juu wa Baath, chama cha Saddam Hussein, wakiwemo maelfu ya walimu, na amri ya 23 Mei ikavunja jeshi zima. Ndani ya wiki moja wanaume wengi waliofunzwa vita wakajikuta bila mshahara, na bunduki zikiwa nyumbani. Libya nayo ilipitisha sheria ya kuwatenga watumishi wa zamani tarehe 5 Mei 2013, huku makundi yenye silaha yamezingira wizara mjini Tripoli. Sheria inayopitishwa namna hiyo humfundisha kila mtu kwamba bunduki ndiyo kura.

Kinachofanya kazi ni kumpiga msasa mtu mmoja mmoja kwa alichotenda, kuliko kadi ya chama aliyobeba. Kila mhusika ajaze maelezo ya mali na vyeo vyake, malalamiko ya wananchi yapokelewe, ahojiwe akiwa na wakili, uamuzi utolewe na sababu zake, na pawe na njia ya kuomba upitiwe tena. Bodi yenyewe iwe na tarehe ya kufunga kazi. Kenya iliwapitisha majaji wa zamani kwenye utaratibu wa aina hiyo, na Aprili 2012 wanne kati ya tisa wa Mahakama ya Rufaa walionekana hawafai. Waliofaa walirudi kazini na mahakama haikufungwa.

"Msamaha kwanza, haki itakuja."

Msamaha usio na sharti ni zawadi, na anayeupewa haachi siasa. Januari 2012 Yemen ilimpa Ali Abdullah Saleh, mtawala wake wa zamani, kinga ya kutoshtakiwa. Alibaki Sanaa akiongoza chama chake, na baadaye akaungana na Wahouthi dhidi ya serikali ya mpito, mpaka alipouawa na haohao Wahouthi Desemba 2017. Afrika Kusini, kabla ya kumsamehe mtu, ilidai aseme ukweli wote na kosa liwe na sababu ya kisiasa: maombi yalizidi 7,000, waliosamehewa ni 849.

Ila ukweli uliosemwa bila mtekelezaji huoza. Ripoti ya tume yetu ya ukweli, haki na maridhiano ilikabidhiwa Rais tarehe 21 Mei 2013. Sura yake ya ardhi, inayowagusa maskwota wa Pwani moja kwa moja, ilipingwa na makamishna watatu wa kigeni waliosema imebadilishwa kwa shinikizo. Tume ikiundwa, swali la nani atatekeleza, kwa bajeti ipi na lini, lijibiwe kwenye sheria inayoiunda. Siku ya kukabidhi ripoti tume huwa haina nguvu tena.

"Wenye bunduki wakipewa nafasi, watatulia."

Sudan ilijaribu. Baraza la utawala la 2019 lilikuwa na wanajeshi watano, raia watano na mmoja wa kukubaliana, na jeshi likatangulia kushika uenyekiti. Tarehe 25 Oktoba 2021, kabla zamu ya raia haijafika, jeshi lilipindua. Desemba 2022 jeshi na RSF, kikosi chenye silaha kilichokuwa na kamanda wake, wakatia sahihi makubaliano mapya na raia, kisha wakagombana lini RSF iingizwe jeshini: jeshi lilitaka miaka miwili, RSF miaka kumi. Vita vilianza tarehe 15 Aprili 2023.

Nafasi serikalini haikugusa chanzo cha nguvu zao, ambacho ni mshahara wa askari na biashara. Jeshi lilikuwa na makampuni yake nje ya Wizara ya Fedha, RSF ilikuwa na dhahabu. Makubaliano yanayofaa huanza na kuhesabu askari mmoja mmoja kwa alama za vidole, maana makamanda huongeza askari hewa ili walipwe zaidi. Kisha mishahara ipitie Wizara ya Fedha hadi mkononi mwa askari bila kupitia kwa kamanda wake, na makampuni yaingizwe kwenye hesabu za serikali. Tarehe za kuunganisha vikosi ziandikwe kabla vyeo havijagawanywa.

"Katiba ikipita, mpito umekwisha."

Katiba ya Tunisia ya Januari 2014 ilipata kura 200 kati ya 216, na ilitaka Mahakama ya Katiba yenye majaji 12 iundwe ndani ya mwaka mmoja tangu uchaguzi wa bunge. Wanne walipaswa kuchaguliwa na bunge kwa thuluthi mbili. Vyama vilizuiana, na kwa miaka yote ile alipatikana mmoja tu. Rais Kais Saied alipolisimamisha bunge tarehe 25 Julai 2021, hapakuwa na mahakama ya kusema kama ana mamlaka hayo.

Kenya iliweka muda pamoja na adhabu: kifungu cha 261 kinaruhusu Bunge livunjwe likishindwa kutunga sheria kwa wakati. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje kwa sababu ya thuluthi mbili ileile. Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri huo, na Bunge likamaliza muhula wake. Adhabu kubwa mno haitekelezwi. Kinachofaa kuandikwa ni kanuni ndogo inayojitekeleza: chombo kinachoteua kikipitisha siku 60, nafasi inahamia kwa chombo kingine kilichotajwa kwa jina, na majaji waliokwisha kupatikana wanaapishwa na kuanza kazi.