Kufunga Jumatano ya Majivu ukiwa njiani kwenda Kilema

Mwaka huu Kwaresima imenikuta barabarani. Jumatano ya Majivu tulisali Misa ya alfajiri mjini Moshi, katika Kanisa Kuu la Kristo Mfalme, tukapakwa majivu, kisha mafrateri sita, yaani sisi tunaosomea upadre, na vijana wachache wa parokia tukashika njia ya Himo kwa miguu. Tulikuwa tunakwenda kuhiji Kilema, misheni ya kwanza ya Wakatoliki Kilimanjaro, iliyofunguliwa na Wamisionari wa Roho Mtakatifu mwaka 1890.

Hatujafika hata Uchira, kijana mmoja akaniuliza, "Frateri, hivi na sisi tunaotembea tunafunga?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu ya pumzi. Jibu refu ni hili.

Sheria yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kufunga, kwa utaratibu aliouweka Papa Paulo VI mwaka 1966, ni kula mlo mmoja kamili kwa siku. Nyakati nyingine mbili unaweza kula kidogo tu. Wanaobanwa ni waliotimiza miaka 18 hadi wanapoingia mwaka wa 60, na siku ni mbili: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kuacha nyama, siku hizo mbili zikiwemo, ni wajibu mwingine, unaanzia miaka 14. Maji hayavunji mfungo. (Mbege, pombe yetu ya ndizi, je? Wazee wetu watakuambia ni kinywaji. Mimi naona ni chakula kilichojificha ndani ya kata.)

Hujaji hasamehewi kwa sababu tu yuko safarini. Ila paroko, kwa kanuni ya 1245 ya Sheria za Kanisa, anaweza kumwondolea mtu wajibu huo au kumbadilishia tendo jingine, na mgonjwa habanwi kabisa. Basi tukakubaliana: mchana kipande cha muhogo na maji ya kutosha, mlo kamili jioni, na atakayeona kizunguzungu akae chini ale bila aibu. Ukizimia, wenzako ndio watakaofanya toba ya kukubeba.

Kilichonisumbua zaidi ni uso. Injili ya siku hiyo, Mathayo 6, inasema ukifunga unawe uso, watu wasijue. Nasi tumetoka kuchorwa msalaba mweusi kwenye paji. Darasani tunajibu hivi: majivu yale, ya matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, ni kisakramenti, ishara ya Kanisa zima kutubu pamoja, wakati Yesu anakemea mtu anayejitangaza. Naliamini jibu hilo. Lakini jua la Himo halijasoma liturjia. Jasho lilishusha majivu hadi kidevuni, na dereva mmoja wa bodaboda akapunguza mwendo kutuuliza, "Wauza mkaa, gunia bei gani?"

Tulipanda taratibu kati ya migomba na mipaka ya masale, giza likiingia tukafika kwa mama aliyekubali kutupokea. Nilikuwa na hofu ya mtori wenye nyama, ningemkataliaje mwenyeji? Kumbe alipika kiburu, ndizi na maharage.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni." Akatutazama mmoja mmoja, akasogeza beseni. "Naweni uso kwanza."

Nikacheka.

"Frateri, unacheka nini?"

Nikamwambia habari ya Mathayo 6. Akasema hiyo ameisikia asubuhi Misani, ninawe, kiburu kinapoa.